Nilitoroka Fungate kwa Mlango wa Uani

Siku ya tatu ya fungate yangu nilitoka mbio nyumbani kwa wakwe, kikoi kiunoni, kandambili mguu mmoja.

Usinicheke kwanza. Sikiliza.

Mimi naitwa Thuwaini, mtu wa Mji Mkongwe. Mwaka 2004 nilimuoa Salhiya, mtoto wa Bi Tamima wa Malindi, hapo hapo mjini kwetu. Mikate ya ufuta ya Bi Tamima ilikuwa inagombaniwa mtaa mzima.

Na fungate mnaijua. Bwana harusi unawekwa ndani kwa wakwe siku saba, kazi yako kula tu. Asubuhi chapati na mkate wa ufuta. Jioni sambusa, tambi, visheti. Ukibakisha, unaulizwa kama kimekosa chumvi.

Sasa tumbo langu toka utotoni lina vituko. Leo limefura, kesho mbio chooni. Bibi yangu alisema ni jini, nshakunywa makombe, yale maji ya aya, mpaka basi.

Siku ile likachachamaa. Choo cha pale kimepakana na ukumbi, na ukumbini wamejaa mashangazi. Aibu ikanishika, nikapita mlango wa uani, nikakimbilia kwetu. Kutoka hapo moja kwa moja kwa Daktari Amjad.

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Na jana?"

"Mkate."

"Ukila wali mtupu?"

Nikafikiri. "Salama kabisa."

Akaguna. Akaniambia kuna watu matumbo yao hayapatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano. Akanitoa damu ikapimwe Dar.

"Lakini usiache ngano mpaka majibu yaje. Ukiacha sasa, tukitaka kurudia kipimo kitatudanganya."

"Yaani nirudi nkale?"

"Rudi ukale, bwana harusi."

Nikarudi nacheka peke yangu. Kufika, kicheko kikanikauka.

Salhiya macho mekundu. Hapo ndo nikagutuka. Kwetu bwana harusi akikimbia fungate, hakuna anayeuliza habari za tumbo lake. Watu wanasema bibi harusi kakutwa na kasoro. Majirani walishaanza kunong'ona ngazini.

"Mwanangu, Salhiya kakukosea nini?" Bi Tamima akaniuliza.

Roho iliniuma, jamani. Nikasema yote, tumbo, daktari, damu.

Shangazi yake Salhiya, Bi Muzna, akabetua mdomo. "Mkate tangu lini ukamkimbiza mwanamme? Sema kweli."

Hakuna aliyeniamini. Salhiya akajifunika ushungi uso mzima.

Bi Tamima akainuka. Akaufungua mlango wa ngazini, majirani nao wasikie.

"Nyinyi mshapata kuniona nakula mkate wangu?"

Akainua kipande cha mkate juu.

"Miaka yote nakwambieni nimefunga sunna. Uongo. Nikila kipande tu, tumbo langu linakuwa kama lake. Niliogopa kusema, kwani nani atanunua mkate ambao mpishi mwenyewe hauli? Basi leo nasema. Mkwe wangu hakumkimbia mwanangu. Kaukimbia mkate, na mimi naukimbia vile vile."

Bi Muzna akatafuta buibui lake akaondoka. Salhiya alicheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake Bi Tamima naye akaenda kupimwa. Daktari akamwambia kwa kuwa alishaacha ngano zamani, lazima aile kwanza wiki kadhaa. Basi ikawa mimi na mama mkwe tunakaa sinia moja, tunakula mkate kama dawa, halafu tunapokezana choo. Haya gani tena baada ya hapo?

Majibu yetu sote yakaja namna moja. Ngano mwiko.

Siku hizi Bi Tamima anauza mkate wa kumimina, wa mchele mtupu, na kipande cha mwanzo anakula yeye mbele ya wateja. Foleni yake usiseme.

Ndugu yangu, tumbo likikusumbua nenda kapime, na usione haya kulisema. Wamesema mficha maradhi mauti humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, nusura aumbuke mke wangu.