Mashine Ilisoma Hadi Siri Nilizomwandikia Dada Yangu

Aibu hii ilinipata mwezi jana kule Sake, tulipokutana wanakwaya wa zamani wa Kitshanga. Vita vilikuwa vimetutawanya, tukabaki na kundi la simu tu.

Niliombwa hotuba ya kumbukumbu. Nikaruhusu programu ya akili bandia isome mazungumzo yangu, nikaiambia: “Tafuta yote niliyoandika juu ya kwaya, unitungie hotuba.” Nilidhani itasoma kundi letu peke yake. Kumbe nilikuwa nimeifungulia simu nzima, hata ninayomwandikia dada yangu.

Wala sikuipitia hotuba yenyewe. Nikasimama, nikasoma kwa madaha: mvua juu ya bati la kanisa, maharagwe tuliyokula baada ya mazoezi, ng'ombe waliochungulia mlangoni. Wamama wakafuta machozi. Kichwa kikanivimba, nikaendelea: “Na kila Jeanne alipoimba, nilitamani kumuoa, lakini nilimwogopa.”

Jeanne, ambaye leo ni mke wa pasta wetu, alikuwa ameketi mbele yangu, pasta kando yake.

“Kaka Elie,” akasema taratibu, “kumbe ndo maana ulikuwa unapoteza sauti kila nikianza kuimba?”

Pasta ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.