Saa Tisa ya Kalama

Shangazi yangu Amtulla amesoma maji maisha yake yote. Babake aliuza misumari na bawaba mtaani Bondeni na alitaka bintiye akae dukani. Yeye alifuga kaa kwenye karai la kufulia, mpaka siku mamake alipowamwaga. Sasa ni daktari wa viumbe vya majini, anafundisha chuoni, na nyumbani kwetu Mji wa Kale hakuna anayethubutu kuhamisha vichupa vyake vya maji ya bahari, hata friji ikijaa.

Nilivyoelewa mimi, mtafiti hupimwa kwa kunukuliwa. Wenzako wakitaja makala yako ndani ya zao, unahesabiwa. Shangazi alikuwa ametajwa mara mia tatu na kumi na mbili. Kati ya hizo, mia mbili na arubaini zilikuwa za makala moja tu, aliyoiandika akisoma ng'ambo, kuhusu nyasi za baharini za hori la Tudor, ule mkono wa bahari kando ya mji. Ilisema kufikia saa tatu asubuhi maji yale yashajaa oksijeni. Nyasi huitengeneza kwa jua, kwa hivyo kwengine saa hiyo huwa bado haba. Ndiyo maana watu walishangaa.

Jumatatu angehojiwa kwa ajili ya uprofesa. Jumamosi akaja mzee Kalama, aliyekuwa akimpimia maji miaka ile, na mfuko wa korosho wa kumpongeza.

"Hodi, daktari. Au nianze kukuita profesa?"

"Usiniharakishe, Kalama. Karibu."

Wakacheka, wakaukumbuka mtumbwi uliokuwa ukivuja.

"Na lile jua, mama," Kalama akasema. "Nala ugali wangu, napumzika, ndiyo nashuka majini. Shingo yote ilibambuka."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Ugali asubuhi?"

"Asubuhi ipi? Uliniandikia saa tisa, nami nikashika saa tisa. Sikuchelewa hata siku moja."



Shangazi alifungua kabati akatoa faili ya zamani. Nakala ya barua yake ilikuwamo: *Maji yapimwe kila siku saa 9.* Mwandiko ni wake. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka mitatu, saa za kizungu zimemkaa kichwani, akaandika tisa akiwaza asubuhi. Kalama akaisoma kama tunavyoisoma sote hapa, jua likiwa limeanza kuinama. Daftari lake lilijaa tisa, tisa, tisa, na Shangazi akaziona zote za asubuhi. Kumbe ile ajabu ya Tudor ilikuwa ni alasiri ya kawaida.

"Nimekuharibia?" Kalama akauliza, kwa sauti ndogo.

"La. Wewe ulikwenda wakati niliokwambia."

Kalama alipoondoka, Baba akasema, "Ngoja Jumanne. Jambo limekaa miaka kumi na minane, litashindwa kukaa siku tatu?"

"Shoaib, kuna watu wamejenga juu yake. Sasa hivi yuko mwanafunzi mahali anaandika saa tatu kwa sababu yangu."

"Na uprofesa?"

Akaichukua faili, akaingia chumbani kwake.

Jumapili alikaa mbele ya kompyuta akiliandikia jarida lililochapisha makala ile. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Chai niliyompelekea ikashika utando. Nikasoma nyuma ya bega lake: *Huenda palitokea kosa la saa.*

"Kwani hujui?" nikamuuliza.

Alinitazama, nikajuta. Kisha akafuta *huenda*. Mkono wake ulikaa juu ya kitufe cha kutuma. Akabonyeza. Nakala moja akaitia mkobani kwa ajili ya Jumatatu.

Jumatatu alirudi adhuhuri. Baba alikuwa mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wameuliza nikiitoa makala ile nabaki na ngapi. Nikawaambia sabini na mbili. Wakaandika."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: si mwaka huu. Shangazi aliikunja barua, akaiweka kwenye faili ileile, akachukua simu.

"Kalama, turudi horini. Tupime upya, asubuhi na alasiri. Nakutaka saa tatu."

Sauti ya Kalama ikasikika simuni: "Saa tatu ya nani, daktari?"

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Ile ya kabla hujala."