Mpira Nilioupiga kwa Jina la Pascal

Nakumbuka Jumapili moja timu yetu ilipofika uwanjani na wachezaji wanane. Ilikuwa timu ya besiboli, mwanangu Zuena, usinicheke mjomba wako. Siku hizo timu za mchezo huo hapa Brussels zilikuwa za kuhesabu, na yetu ilikuwa ya daraja la chini kabisa: kiwanja kilichokuwa shamba la viazi, fulana za kuchangiwa, gongo moja. Lakini sheria ilikuwa ileile ya wakubwa. Mkipungua tisa, mmeshindwa kabla ya kucheza.

Aliyekosekana ni rafiki yangu Pascal, Mkongo, aliyelala na homa. Mimi nilifanya nao mazoezi, ila kadi yangu ya uchezaji ilikuwa haijatoka, kwa hiyo nilikuja kutazama tu. Nahodha akanivuta kando.

"Tuko munane, donc leo wewe ni Pascal."

Mwamuzi hakutusumbua, kwake Mwafrika mmoja alikuwa sawa na mwingine. Shida ilikuwa mwandishi wa daftari la mchezo, padri mzee wa Kibelgiji aliyekaa Kongo nusu ya umri wake. Huyo alinijua, maana kila wiki tulisalimiana kwa Kiswahili. Akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, jina yako nani?"

"Pascal, mon père."

"Bon. Ile unasema njo naandika. Lakini hii kitabu itabakia nyuma yetu sisi wote. Ungali unaweza kusema ingine."

Nikaenda kuchukua gongo. Wenzangu wanane walikuwa wananitazama, nikaona haya kuwaangusha.

Basi siku hiyo, sijui nguvu zile zilitoka wapi, niliupiga mpira ukavuka uzio ukaenda kutua kwenye reli za tramu. Nikazunguka kona zote nne bila haraka, tumeshinda, watu wanaita "Pascal! Pascal!" Nilifurahi, sitakudanganya. Ila nilipofika mwisho nilijikuta nageuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Timu ilikufa, padri akafa. Pascal naye, Mungu amrehemu, alilisimulia pigo lile kama lake miaka na miaka mpaka akaliamini. Mwezi uliopita binti mmoja anayekusanya historia ya timu zile ndogo za mwanzo alitundika kurasa za daftari kwenye ukumbi hapa Schaerbeek. Nikampeleka mjukuu wangu, kifua mbele. Akapitisha kidole jina hadi jina.

"Babu, wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha. "Hapa wameandika Pascal," akasema, na njiani kurudi hakuniuliza tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka tisa, na anasoma vizuri. Niliumia, mwanangu.

Ndiyo maana sikulala vizuri uliponiambia jana, kwa furaha, kwamba Jumatatu unaanza kusafisha ofisi kule Schuman kwa beji ya binamu yako Amina, kwa kuwa makaratasi yako hayajatoka. Zuena, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukiteleza ngazini ukavunjika mguu, atakayeandikwa kuumia ni Amina. Ukisifiwa, kasifiwa Amina. Ukizeeka, miaka uliyoinamia ndoo itahesabiwa kuwa yake. Mimi niliazima jina kwa mchana mmoja tu, tena wa mchezo, na unaona nilipofika.

Mrudishie beji yake kesho, na umshukuru, maana hakukukusudia baya. Najua kungoja kunachosha, na najua mama yako anatazamia kitu kutoka kwako. Nitazungumza naye mimi. Hapa kwangu sahani yako ipo mpaka makaratasi yatoke, na asikwambie mtu kwamba unanielemea. Kisha nenda ukaombe kazi, hata hiyohiyo ya ndoo, ukataje jina alilokupa baba yako.

Mungu akufungulie mlango ulioandikwa jina lako, mwanangu, na siku watakapokuita, uitike bila kugeuka nyuma.