Bibi kwa Kikorea

Anwar alipomwacha Munira hakumwacha kimya kimya kama wanavyofanya waoga wenzake. Alikwenda kukaa na vijana wa kahawa pale Temeke Mikoroshini, karibu kabisa na dirisha la kina Munira, akaulizwa harusi lini, akacheka. "Harusi ya nani? Mie niende nikaoe bibi? Si nitakuwa namtafunia nyama!" Vijana wakaangua kicheko. Munira alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akayasikia yote. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na Anwar mwenyewe alikuwa amemzidi minne.

Aliponisimulia kesho yake kazini, nakuapia, ningekutana na yule mwanamume asubuhi ile ningemchoma mkasi. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Ndugu wa Bagamoyo walikuwa wameshaambiwa, na mama yake alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo. Halafu mtu anavunja uchumba kwa mzaha wa kahawani! Watoto wa mtaa, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakaanza kumwita Munira Bibi Bila Harusi. Walimwita hivyo akienda bombani na walimwita hivyo akirudi, na mama yake akaacha kukaa nje.

Mimi na Munira tulikuwa tunashona mawigi Kurasini, kwenye ghala lililokodiwa na Wakorea. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye mtaji wake anaingia, na jirani zetu walikuwa malori na makontena. Mashine yangu na yake zilikuwa ubavu kwa ubavu. Neno la kwanza la Kikorea tulilolijua sote lilikuwa pali pali, yaani haraka haraka, kwa sababu ndilo tulilopigiwa kelele kutwa nzima. Wengi wetu tuliishia hapo.

Munira hakuishia hapo. Msimamizi wetu alikuwa Han, dada wa mwenye kiwanda, mwanamke mpole wa miaka arobaini na kidogo. Hakuwa ameolewa, na kila akipigiwa simu kutoka kwao alitoka ofisini amenuna, maana mama yake hakuwa na swali lingine. Hakuwa na wa kuzungumza naye, basi akamzoea Munira. Munira akishika nywele anauliza hizi mnaziitaje, Han anamtajia, naye anamlipa kwa neno la Kiswahili. Baada ya muda Munira akawa anaongea Kikorea cha kueleweka, na Han akawa anajua kusema bado, sawa, na njaa inaniuma.

Anwar naye hakuwa mgeni pale. Alikuwa wakala wa forodha, ndiye aliyetoa makontena yetu ya nywele bandarini, na hapo ndipo alipomwona Munira mara ya kwanza. Nilidhani baada ya ule uchafu aliousema ataona haya kuja kwetu. Wapi! Wakati wa chai alikuja mpaka kwenye mashine zetu, ananukia, akaegemea meza kana kwamba ni ya baba yake.

"Munira, yaliyopita si yamepita?"

"Sema shida yako," Munira akamjibu.

"Nataka nimtoe auti Han. Nimpeleke Oysterbay tukale samaki. Lakini nataka nimwambie mwenyewe, kwa lugha yake. Akinikubali, kaka yake bosi si ndiye shemeji yangu? Nani tena ataninyang'anya makontena?" Akamkonyeza. "Nifundishe, dada yangu."

Dada yangu! Nilishika chanuo la chuma, nikaliweka chini. Munira alitulia tu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Sema, kachi pap mogulkayo."

"Ndiyo nini?"

"Tule pamoja?"

Ilikuwa sentensi safi, haina kasoro. Alimrudisha nyuma kila alipokosea, akamnyoosha ulimi, mpaka mimi pembeni nikaanza kumchukia na yeye. Nikajiambia huyu mwanamke amelogwa, anampamba mtu aliyemvua nguo mbele za watu. Na kumbe Munira mwenyewe mpaka hapo hakuwa amepanga lolote. Alitaka tu Anwar aondoke.

Lakini Anwar hajui kuacha kitu kikiwa kimetosha.

"Mbona kavu hivyo? Sie watu wa pwani hatumvamii mtu kwa chakula. Lazima nitangulize heshima. Bibi wanasemaje kwa Kikorea?"

Munira akainua uso. "Bibi?"

"Ee, bibi. Si nimwite Bibi kwanza, ndiyo niingie na maneno yangu."

Nilimwona akikumbuka dirisha na pazia.

"Bibi," akasema taratibu, "ni halmoni."

Anwar akaondoka akilitafuna, halmoni, halmoni, mpaka getini. Nikamuuliza Munira, shoga, halmoni ndiyo nini?

"Bibi. Mzaa mama, mzaa baba. Yule wa kutafuniwa nyama."

"Na bibi ya heshima?"

"Hakuniuliza ya heshima. Kaniuliza bibi, nami nimempa bibi. Neno lake mwenyewe hilo, Avelina, nimemrudishia."

Tulicheka hadi machozi, na mashine yangu ikatafuna wavu wa wigi zima.

Ijumaa, baada ya swala, Anwar akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushona kwa mkono, ananukia udi. Tulikuwa kwenye banda la kulia chakula, wafanyakazi wote, na Han amesimama kando ya ndoo ya maji ya kunawa. Anwar akaweka mkono kifuani, akainama kidogo. Kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi nyuma akasema, "Halmoni! Kachi pap mogulkayo?"

Mafundi wawili wa Kikorea waliokuwa wakila pembeni wakapaliwa. Mmoja akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Han alisimama na maji yanamchuruzika vidoleni. Anwar, yule bwana mwerevu, akadhani hajasikika vizuri. Akasogea, akarudia kwa nguvu, tena akalivuta lile neno kwa mapenzi, halmooni. Han akaliacha banda bila kunawa mkono wa pili.

Nilipiga meza kwa furaha. Nilimgeukia Munira tufurahi pamoja, nikakuta hacheki. Alikuwa anautazama mlango aliotokea Han. Aliniambia baadaye kwamba siku zote zile alimwaza Anwar tu. Hakumwaza kabisa yule mwanamke ambaye neno hilo lingemwangukia.

Baada ya chakula Han akamwita. Nilikuwa napeleka kapu la mawigi chumba cha vioo, ambako hujaribiwa yakishakamilika, nikawakuta humo. Han alikuwa amekaa mbele ya kioo, ameshika unywele wake mmoja mweupe kati ya vidole, macho mekundu. Sikuelewa Kikorea chao, ila Munira alinitafsiria yote tulipotoka. Han alimuuliza, "Hebu niambie wewe, usinifiche. Ninaonekana bibi?"

Hapo ndipo Munira alipobanwa. Angeweza kumponya kwa maneno machache tu: kwetu sisi bibi ni heshima, mwanamume yule alitaka kukuenzi, amekosea lugha. Han angefuta machozi, pengine angecheka, pengine hata angekwenda kula samaki Oysterbay. Lakini Anwar naye angepona. Angetoka pale na jina lake zima, huku Munira akirudi Mikoroshini kuitwa Bibi Bila Harusi. Alisimama akiikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake.

Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya Han, nyuso zao mbili zikawa kwenye kioo kimoja.

"Hata mimi aliniita hivyo hivyo," akasema. "Mbele za watu."

Han akageuka. "Wewe?"

"Mimi. Alikuwa mchumba wangu."

Akamweleza kila kitu: posa, vyombo vya mama yake, vijana wa kahawa, mpaka ile nyama ya kutafuniwa. Han alisikiliza, na nilimwona machozi yakikauka na kitu kingine kikipanda usoni, kitu ambacho hakihitaji mkalimani. Akaondoka moja kwa moja kwenda kwa kaka yake. Kabla ya saa za kazi kwisha, makontena yetu yalikuwa yamepewa wakala mwingine.

Wako wanaoniambia Munira hakutenda haki, kwamba Anwar hakukusudia. Kwa Han hakukusudia, nakubali. Kwa Munira alikusudia kila herufi, akaongeza na kicheko. Na Munira hakumwambia mtu hata neno moja la uongo.

Jioni Anwar alikuwa bado getini na kanzu yake, anangoja jibu la mwaliko wake, huku mlinzi amemwambia habari ya makontena na yeye hataki kuamini. Gari la Han likatoka ghalani. Kiti cha mbele alikaa Munira, mtandio wake umefungwa vizuri. Han ndiye aliyemwalika, kwa sentensi ileile: kachi pap mogulkayo? Tofauti ni kwamba yeye hakutanguliza cheo chochote.

Anwar akalikimbilia dirisha. Jasho lilikuwa limeshashinda udi.

"Munira! Halmoni maana yake nini? Umenifundisha nini wewe?"

Munira akashusha kioo chote ili amwone vizuri.

"Bibi," akasema. "Si ndilo ulilolitaka? Usiponiamini kawaulize vijana wa kahawa."

Han hakujua walichosema, wala hakuuliza. Alimtolea mlinzi kichwa dirishani. "Pali pali," akamwambia, na geti likafunguliwa.