Titi Langu na Wiki ya Siku Saba

Ninyi mnaosoma hii mkiwa wazima, mshukuruni Mungu, halafu mnisikilize. Naitwa Mama Atieno, wa mtaa wa Namuwongo. Baba yangu alitoka Kenya kufanya kazi ya reli, nikazaliwa hapa hapa. Nilisoma mpaka Senior Four, yaani kidato cha nne. Sikuwa mtu wa kuugua. Nilikuwa na mikono ya haraka, na kiwanda kimoja cha samaki upande wa Luzira kilinichukua kwa ajili ya mikono hiyo.

Kazi yetu ni kuchuna minofu ya mputa, yule samaki mkubwa wa ziwani. Unasimama na kisu, maji ya barafu yanatiririka mpaka ndani ya gambuti. Sheria ilisema siku sita. Bosi alisema samaki hajui Jumapili. Basi tukafanya siku saba, alfajiri mpaka jioni. Nilirudi kazini Atieno akiwa na miezi mitatu. Nilimnyonyesha kabla ya kutoka, nikamnyonyesha nikirudi. Katikati maziwa yalijaa, yakavuja, yakalowesha sidiria na aproni. Kwenda chooni kuyakamua kulihitaji kibao cha ruhusa, na kibao kilikuwa kimoja kwa meza nzima.

Wiki ya tatu titi la kushoto likawa gumu kama jiwe. Ngozi ikang'aa, ikawaka moto. Nilitetemeka kwa homa pale mezani na hakuna aliyegundua, kwa sababu mle ndani kila mtu anatetemeka kwa barafu.

Mamangu alitazama, akatoa hukumu. "Mtoto amekubeulia titini, hewa ya tumbo lake ndiyo imelivimbisha." Akapasha kitana moto, akalichana titi kutoka juu kwenda chuchuni, kama nywele. Nililia. Nikamtazama mtoto wangu kwa hasira, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyeniharibu. Siku mbili nzima nilimnyima titi lile, na kazini nikaenda. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Siku ya nne sikuweza kuinua mkono. Mamangu akanipeleka hospitalini. Daktari, mwanamke wa makamo, alibonyeza kidogo tu, nikaruka.

"Huu ni usaha, mama nnyabo. Mtoto ananyonya mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Na katikati?"

"Katikati niko kwa samaki."

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Zote."

Akavua miwani. "Mama yako anasema mtoto amebeua. Mimi nasema ni kazi. Likirudi hivi tena, huenda nikalazimika kulikata lote."

Alinipasua. Usaha ulijaa bakuli la chuma, wa kijani, unanuka kama matumbo ya samaki yaliyolala. Kila asubuhi, wiki mbili, walivuta kitambaa cha dawa kutoka kwenye shimo na kusokomeza kingine. Nilimng'ata mamangu begani. "Ng'ata tu," alisema. "Kitana nimekitupa."

Nilirudi kiwandani na barua ya daktari: nifanye kazi siku tano kwa wiki, na nipewe nafasi ya kukamua. Bosi aliisoma amesimama.

"Mama Atieno, nikikupa wewe, wote watataka titi bovu."

Wanaume wakacheka.

"Nikufungulie uone lilivyo?" Kicheko kikakatika.

"Siku zikipungua, minofu inapungua," akasema. "Wanunuzi watahama."

"Fungua pipa la Jumapili, kisha la Jumanne, ulinganishe," nikamjibu.

Pipa hilo ni la minofu iliyoharibika: iliyochanika, yenye mifupa, yenye damu ya vidole vyetu. Msimamizi wetu Musa, Mnubi mwenye maneno machache, alikohoa. "Bosi, huyu anasema kweli. Jumapili pipa inajaa mara mbili. Watu wanakata huku wamelala."

Mwenzangu Nakato akanivuta aproni. "Banange, jamani, siku mbili nyumbani tutakula nini?" Hakuwa mjinga. Ndiyo maana tulikataa kupunguziwa mshahara. Bosi akakubali kuijaribu barua ile mwezi mmoja, kwa mshahara ule ule, meza yetu tu, nadhani ili anione nikishindwa.

Hatukushindwa. Minofu safi ya siku tano ilikaribia ile ya siku saba, na mwezi ulipoisha ikaifikia, kwa kuwa pipa lilikaa karibu tupu na hakuna aliyepelekwa kushonwa kidole. Bosi hakunisifu. Aliendelea tu na siku tano.

Meza nyingine bado zinakwenda saba, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Kwa nini titi la mwanamke lingoje moyo wa bosi? Iandikwe sheria ya siku tano, na mkaguzi aje aone, maana ile ya sita tulikuwa nayo na ikakanyagwa. Wanaosema nchi itakuwa maskini wahesabu pia samaki waliotupwa na vitanda tulivyojaza hospitalini.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mamangu aliyekubali kwamba alikosea. Dada zangu, titi likiwa gumu, kamua, nyonyesha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimlaumu mtoto. Na ukiulizwa umeugua nini, taja saa zako za kazi. Mimi nina kovu, nina titi, nina kazi, na Atieno ananyonya pande zote mbili. Mwingine asingoje kupasuliwa ndipo apewe Jumamosi.