Injini ya Kumpita Mtu

Baba yangu aliendesha gari karibu maisha yake yote na hakuwahi kumpita mtu. Sitii chumvi. Alikuwa dereva wa Bwana mmoja wa serikali, Mwingereza mrefu mwenye tumbo jepesi, na siku ya kwanza ya kazi Bwana alimpa amri mbili kwa Kiswahili chake cha kusomea: "Enda polepole. Usipite mtu." Gari ikiyumba kidogo tu, Bwana hutapika. Ikitoka kwenye mstari wake kumpita mwenzake, hutapika kabla haijarudi. Basi aliyekuwa mbele alibaki mbele. Baba alifuata mikokoteni ya nazi kutoka Tunguu mpaka mjini. Alifuata wauza maziwa wa baiskeli. Siku moja alimfuata punda asiye na mwenyewe kutoka Dunga mpaka Mwera, na punda alipokata kushoto kwenda zake, baba alisema alihisi upweke.

Gari yenyewe ilikuwa ya serikali na ililala kwa Bwana. Baba alirudi kwetu Kikwajuni kwa miguu, na nadhani huko njiani alipitwa pia. Hakulalamika mpaka mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, daktari alipomtazama jicho la kulia akamwambia limeingia mtoto wa jicho na la kushoto liko njiani. Kabla ya Ramadhani akabidhi leseni. Alituletea habari hiyo mimi na mama tukiwa mkekani tunakula. Akamaliza tonge lake kwanza.

"Basi," alisema, "mara ya kwanza ntakapokuwa mbele ya watu, ntakuwa jenezani."

Mama alimwambia asiseme maneno hayo juu ya chakula. Nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu miezi michache nyuma, na hasira niliyokuwa nayo ingeweza kusukuma lori bila ya petroli. Nilimtazama anavyotafuta miba ya samaki kwa jicho moja, nikasema moyoni kwamba mtu huyu atampita mtu kabla ya Ramadhani, hata kama itanilazimu mimi nilale barabarani nipitwe.

Siku zile jamaa wa mjini waliokuwa na magari na nafasi walitangaza mashindano, kwenye njia ya mzunguko ndani ya shamba moja la minazi karibu na Chwaka. Tangazo lilibandikwa ukutani Darajani. Makundi yalikuwa mawili kwa ukubwa wa injini: Gari Ndogo na Gari Kubwa, na mwenye injini ndogo akitaka aliweza kujiandikisha Kubwa. Gari yoyote iliruhusiwa, hata ya kuungaunga, ilimradi iwe na breki. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa magari nyuma ya soko, na alikuwa na kila kitu isipokuwa gari nzima. Alikuwa na fremu ya gari ndogo iliyotumbukia mtaroni, magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mbao za masanduku ya chai za kufanyia bodi. Na hapo sakafuni, ubavu kwa ubavu, alikuwa na injini mbili.

Moja ilitoka kwenye lori la kubebea mbata za nazi, silinda sita. Ya pili ilitoka kwenye hiyo hiyo gari ya mtaroni, silinda nne, na mjomba alikuwa akiitumia kuwekea birika.

"Shemeji, hapana haja ya kufikiri," mjomba alimwambia baba. "Tia hii ya lori. Watu watakuona mgongo tu. Utawapita wote kwa pamoja."

"Siwataki wote," baba alisema. "Mmoja ananitosha."

"Sasa na huyo mmoja utampitaje na kidude kama hiki? Hiki cha kuchemshia chai."

Hapo nikaingia mimi, ingawa hakuna aliyeniita. Nilisema jambo la kwanza si injini, ni kundi. Kwenye Gari Kubwa watakuwako vijana wa matajiri, ambao wanapita watu tangu walipozaliwa. Baba atatoka nyuma ya mikokoteni aende nyuma yao. Kwenye Gari Ndogo atakuwako kinyozi wetu, ambaye gari yake hukwama kwenye gia ya pili. Atakuwako mwalimu wa mtaani, ambaye huendesha na breki ya mkono imevutwa kwa usalama. Atakuwako na muuza dawa, ambaye rejeta yake huchemka kabla hajafika sokoni. Kati ya hao, mmoja lazima apitike.

"Wewe hutaki kushinda, Baba. Unataka mtu wa kumpita. Basi twende waliko wabovu."

Mjomba aliudhika. Aliuliza mtoto wa kike amejuaje habari za silinda. Nikamwambia habari za silinda sizijui, za wanaume ndizo nnazozijua.

Hata hivyo tuliijaribu ya lori kwa heshima yake. Ilipoteremshwa kwa kamba juu ya fremu, pua ya gari ilikwenda chini mpaka ikagusa sakafu. Mjomba alisema itanyanyuka ikishashika mwendo. Akaiwasha, na upande wa pili wa ukuta tukasikia sahani za jirani zikianguka, kisha tukamsikia jirani. Halafu akaiwasha ndogo. Sauti yake ilikuwa ya cherehani. Baba alichuchumaa baina ya hizo mbili, macho kayafumba, akasikiliza.

"Hii inasema na mimi," alisema, kaweka mkono juu ya ile ndogo. "Ile inanigombeza."

Ikawa ndogo. Mjomba aliifunga kwa chuki, lakini aliifunga vizuri. Ugomvi ulibaki mmoja, wa honi. Mjomba alisema gari ya mashindano haina honi, ni uzito wa bure. Baba alisema hawezi kumpita mtu bila ya kumwambia. Ikatiwa honi ya mpira, ile ya kubinya kwa mkono.

Abiria mmoja aliruhusiwa garini. Mama alisema mwanamke aliyeachwa hapandi masanduku ya chai mbele ya mji mzima. Baba akamjibu, "Nnakwenda na mwanangu. Mimi kulia sioni, atanionea yeye." Nikalifunga buibui kiunoni lisije likanasa kwenye gia, tukaenda.

Shambani tulipokewa na bwana mwenye filimbi, mmoja wa wasimamizi. Alimpa baba mkono kwa furaha.

"Hongera. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Gari Ndogo. Uko peke yako."

Nikageuka nikatazama. Kinyozi alikuwapo na gari yake, mwalimu alikuwapo, muuza dawa alikuwapo anamwagia maji rejeta ambayo haijafanya kazi bado. Wote walikuwa upande wa pili wa kamba, kwenye Gari Kubwa. Majina ya washindani yalibandikwa Darajani kundi kwa kundi, asubuhi ile sisi tumeshaondoka, na hapana mwanamume hata mmoja aliyekubali wakwe zake wapite sokoni wasome jina lake chini ya neno Ndogo. Isipokuwa baba yangu. Na mimi ndiye niliyesema kwamba habari za wanaume nazijua.

Baba aliomba achanganywe na hao wakubwa. Bwana mwenye filimbi akasema majina yakishabandikwa kanuni haziruhusu, na tena haja hiyo ya nini, mtu keshashinda.

"Nshashinda vipi, nami sijakimbia?"

"Ndiyo utakimbia sasa, upewe kombe lako."

Tukakimbia. Baba alitoa mkono nje kwenye kila kona kuwaarifu walio nyuma, na nyuma hakukuwa na mtu. Watu walishangilia. Yeye alikuwa kakunja uso, anatafuta mbele.

"Yuko mtu?"

"Hayupo, Baba."

Tukazunguka tena.

"Na sasa?"

"Kuku."

"Kuku si mtu."

Tulimaliza wa kwanza. Tulimaliza na wa mwisho pia, lakini hilo halikutangazwa. Mgeni wa heshima alikuwa Bwana mwenyewe, kakaa chini ya turubali na leso mkononi, na ndiye aliyemkabidhi baba kombe. Alimwambia, "Hongera, dereva." Baba alilishika kombe kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenziwe, anatazama huku na huku amrudishie nani.

Kisha wakakimbia Gari Kubwa. Kinyozi alikwama gia ya pili. Mwalimu alikwenda na breki yake ya mkono mpaka ikatoa moshi. Muuza dawa alichemka. Kila nilichokisema kilitokea, upande wa pili wa kamba, na watu wengine ndio waliowapita. Baba alisimama akatazama mpaka mwisho. Nilimwonea huruma, na huruma yangu mimi hutoka kama ugomvi, kwa hiyo nikamfokea kwamba jua linakwenda na tumekaa hapa kama tumealikwa.

Tulipotoka Dunga tukauona mbele yetu mgongo wa gari nyeusi. Alikuwa Bwana anarudi mjini, na dereva wa badali kashika usukani, kwa kuwa baba siku hiyo alikuwa likizo. Walikwenda mwendo ule ule wa tumbo. Baba alipunguza petroli bila ya kuambiwa na mtu, akajiweka nyuma kwa umbali aliouzoea. Tukawa tunawafuata. Cherehani yetu ikawa inanung'unika.

"Mpite, Baba."

"Yule Bwana."

"Najua nani. Mpite."

Kombe lilikuwa mapajani mwangu, na kila tukiruka shimo linanigonga tumboni.

"Ntapiga hodi," alisema.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Baba alibinya honi mara moja, akangoja kama mtu aliyesimama mlangoni. Gari nyeusi haikutikisika. Tukapita mwembe mmoja na mwengine. Akabinya ya pili. Kimya. Nilimwona mkono wake umerudi kwenye mpira wa honi na haubinyi, na nikajua kwa nini: akishapiga ya tatu hana nyengine. Nilitaka kuibinya mimi. Nilitaka kusimama nimwite yule Mwingereza kwa matusi yote niliyorudi nayo kutoka kwa mume. Nikalishika kombe kwa mikono miwili, kwa sababu hodi ilikuwa yake.

Akabinya ya tatu.

Gari nyeusi ikasogea kushoto. Kwenye dirisha la nyuma ukatoka mkono mweupe wenye leso, ukapunga mbele, mara mbili.

"Amesemaje?" baba aliniuliza. Jicho lake halikuona.

"Amesema karibu."

Nikajiinua nikachungulia kulia. "Njia nyeupe, Baba."

Akatoka kwenye mstari. Injini ya lori ingelimaliza jambo lile kwa kufumba na kufumbua. Yetu ilizidi mwendo wa Bwana kwa kidogo sana, kwa hiyo tulikwenda sambamba, na tukaendelea kwenda sambamba, mpaka ikawa haiwezekani tena watu wasisalimiane. Miaka yote ile baba alimwona Bwana ndani ya kioo. Sasa alimwona dirishani, juu ya kichwa changu.

"Habari za safari, Bwana?"

"Nzuri. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Tumbo halijambo?"

"Halijambo. Njia iko wazi?"

"Nyeupe!" nilisema mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Basi kwaheri, dereva."

"Kwaheri, Bwana." Akagusa kofia yake. Kidogo kidogo dirisha likarudi nyuma, kisha dereva wa badali akarudi nyuma, kisha taa. Mbele yetu ikabaki barabara tupu. Sikuwahi kumwona baba yangu akitazama barabara tupu. Nilikuwa nalia, na upepo ulikuwa unanipanguza.

Tulipofika mbele kidogo akaiweka gari kando akasimama. Nilidhani injini imezimika. Haikuzimika. Alishuka, akasimama wima karibu na mlango, mikono ubavuni, mpaka gari nyeusi ikatupita polepole. Kisha akapanda, akatia gia, akawafuata. Mara ya pili hakupiga hodi; alibaki nyuma yao.

"Nimefurahi," alisema tulipoikaribia Mwera.

Jumatatu alirudi kazini. Mchana alikuja kula, akavua viatu, akakaa mkekani, akatuambia kwamba asubuhi walikuwa nyuma ya mkokoteni wa makumbi ya nazi, na Bwana alikohoa huko nyuma akamwambia, "Pita."

"Ukapita?" mama alimuuliza.

"N'kamwambia, 'Hapana, Bwana. Tumbo lako.'"

Akanawa mikono, akala wali wake polepole. Siku ya mwisho ya Shaabani akaikabidhi leseni, bila ya kukumbushwa.