Sindano ya Pili ya Mama Kipepeo

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Kipepeo anafumbata kiganja cha mtoto wa miezi kumi na moja. Hachomi sindano mkono ukiwa baridi. Anaupasha kwanza kwa viganja vyake, huku akimsimulia mtoto habari za kuku aliyesahau yai lake.

"Msimulie na za nesi aliyesahau kichupa ni cha nani," anasema mama wa mtoto, aliyempakata.

Chumba kizima kinacheka. Mama Kipepeo naye anacheka, ila kicheko chake ni kifupi.

Jina hilo la utani limetokana na sindano nyembamba yenye vibawa viwili anayotumia kuwatoa watoto damu. Ana miaka hamsini na miwili. Hospitalini hapa alianza kwa kupiga deki. Akasoma masomo ya jioni miaka sita, akapata cheti, na leo ndiye mtoa damu wa utafiti wa chanjo.

Utafiti wenyewe anaueleza bila kubabaika. Chanjo hiyo hubebwa na virusi vya mafua vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana.

"Mchukulie kama tarishi mwenye barua," anasema. "Mwili uliokwisha kukutana naye una askari, ndizo kingamwili. Wanamzuia mlangoni, barua haifiki. Sasa mtoto mchanga ana askari wa kuazima kwa mama yake. Hao wakishaondoka, na yeye hajaugua mafua akapata wa kwake, mlango uko wazi. Tunatafuta ni miezi ipi."

Ndiyo maana mama na mtoto asiyetimiza mwaka hutolewa damu pamoja, jozi sitini kwa jumla.

Wiki tatu zilizopita, majibu ya jozi moja yaliwaduwaza watu wa maabara. Mtoto alikuwa na kingamwili tele, mama karibu hana kitu. Mama Kipepeo alijua papo hapo. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, akabandika lebo kwenye vichupa kabla ya kutoa damu. Kichupa cha mama kikaingia damu ya mtoto, na cha mtoto ya mama.

"Hakuna aliyeniuliza. Nilimfuata daktari mkuu nikamwambia, mkono ni wangu huo."

Jozi ikafutwa. Ikabaki njia moja: kuwatoa damu upya kabla mtoto hajatimiza mwaka, mama akiridhia. Akaenda kwao kwa miguu.

"Kosa lako, mwanangu ndiye alie?" mama alimuuliza mlangoni.

"Ndiyo, mwanangu. Ukikataa una haki, na hatutagombana."

Mama huyo anatabasamu akikumbuka. "Mwingine angesingizia mashine. Nikasema, huyu haongopi, nampeleka."

Sindano inaingia. Mtoto anapiga yowe moja, kisha anatazama huku na huku kama anayemtafuta kuku. Damu haifiki nusu ya kijiko cha chai. Kichupa hakijatoka mkononi, Mama Kipepeo anaandika lebo.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

Mama anasoma jina la mwanawe. Ndipo lebo inabandikwa.

Je, anatarajia nini baada ya jozi ya sitini?

"Wajukuu bado. Binti yangu anasema nisimharakishe," anajibu, akivua glavu. "Lakini akija wa kwanza, nataka mwezi wa chanjo yake uwe umeshajulikana. Na sindano achome mwingine. Mimi nitampakata, nisome jina."